Kambale Wako Wamekataa Vidonge?

Leo tuzungumze habari ya vifaranga wa kambale. Umenunua vifaranga mia tano, umewatia katika simtangi, na umewanunulia chakula cha vidonge kwa fedha nyingi. Siku ya kwanza hawali. Siku ya pili hawali. Siku ya nne maji yananuka, na ukiwahesabu wamepungua, lakini mizoga huioni. Je, wamekwenda wapi? Wamelana, ndugu yangu. Kambale mwenye njaa humeza mwenzake mdogo mzima mzima.

Usiseme eti samaki hao ni wakaidi. Hawajui tu kwamba kile kidonge ni chakula. Kambale anapoanguliwa huwa na akiba ya kiini cha yai tumboni, nayo humtosha kiasi cha siku tatu. Kuanzia hapo hula vijidudu vya majini, na akikua kidogo hula viluwiluwi vya mbu na nyungunyungu. Hivyo vyote vinacheza, lakini kidonge kimetulia tu kama kokoto. Tena macho yake ni madogo, hayamfai sana katika maji ya tope. Yeye hutafuta chakula kwa zile sharubu zake nane, kwa kunusa na kuonja.

Basi somo lianze na harufu. Kwanza, siku waliyofika waache wapumzike, maana safari imewachosha. Kesho yake chukua nyungunyungu, waoshe, wakatekate hadi wawe laini kabisa. Twanga vidonge viwe unga, changanya, kisha finyanga vipande vidogo kuliko mdomo wa kifaranga. Anza na nyungunyungu sehemu tatu, unga sehemu moja. Baada ya siku mbili tatu, nusu kwa nusu. Halafu endelea kupunguza nyungunyungu pole pole, mpaka ubaki na vidonge peke yake. Kwa wengi kazi hii huchukua wiki moja au siku kumi. Wakigoma katikati, rudi nyuma hatua moja, usiwashindishe na njaa ukidhani watakubali. Huna nyungunyungu? Chemsha dagaa wasiotiwa chumvi, mchuzi uache upoe, ndio uloweshee vidonge kidogo kabla ya kuwapa.

Na saa gani? Jioni, jua likizama. Kambale ni mtu wa usiku, na wengi wetu tunamlisha saa sita mchana halafu tunamlaumu! Mara wakizoea, unaweza kuongeza mlo wa asubuhi na wa mchana. Walishe mahali pale pale kila siku, na gonga ndoo kidogo kabla ya kumwaga. Hawatakawia kuujua mlio huo.

Wale waliokwisha kuzoea, wa gramu tano tano hivi, kilo moja ya vifaranga inahitaji gramu 50 hadi 100 za chakula kwa siku, kwa mafungu matatu au manne. Wanaojifunza wape kidogo zaidi. Kinachobaki baada ya nusu saa kitoe kwa chujio. Hapa ndipo wafugaji wengi wanapopotea: samaki hali, naye anazidi kumwaga. Chakula kinaoza, maji yanachafuka, na samaki aliye katika maji machafu hata yule nyungunyungu atamkataa.

Angalia na baridi. Kambale hula vizuri maji yakiwa na joto la digrii 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20, hamu yake hupungua sana. Kwa hiyo ndugu zetu wa Njombe na Lushoto, msianze somo hili mwezi wa Julai.

Tena kila wiki wachambue. Kila kundi huwa na majitu machache yanayokua haraka, hayo yatenge chombo chake. Na vidonge vyenye ukungu usivitumie, hata kama umevinunua jana.

Kama siku kumi zimepita na bado hawali, tazama ngozi zao. Ukiona vidonda au mabaka meupe, au wananing'inia juu ya maji vichwa juu, hiyo ni maradhi. Mwite Bwana Samaki aje awaone wangali hai, na mweleze tangu lini wameacha kula na maji ulibadilisha lini.