Kishada cha Kofia ya Mtoto

Kipupwe cha mwezi wa Juni na Julai huku kwetu Nachingwea na Ruangwa si baridi ya kugandisha maji. Walakini alfajiri yake haichezewi, hasa kwa mtoto abebwaye mgongoni. Ndiyo sababu kila mwaka, majira hayo yakikaribia, wasichana wa madrasa yetu hukaa barazani siku ya Alhamisi baada ya kusoma, wakafuma kofia za watoto kwa nyuzi nene, wengine kwa sindano mbili, wengine kwa sindano moja yenye ndoana, ile ya kroshia. Kofia ikisha kufumwa hutiwa kishada utosini. Hatukusudii kishada kining'iniacho kama cha tarbushi, wala kile cha shingoni mwa kanzu ya Kiomani ambacho wenyewe hukichovya katika manukato. Twakusudia kile cha mviringo mfano wa ndimu, chenye ncha za nyuzi pande zote. Mabaharia wa jeshi la Ufaransa huvaa chekundu juu ya kofia zao, wala hakuna awachekaye.

Kazi hii tuliiona nyepesi, hata mwaka mmoja akatujia mama kutoka Ruangwa, mkononi ana kofia aliyoinunua kwetu, na katika pindo la kanga amefunga nyuzi zilizolowa mate. Mwanawe wa miezi minane alikivuta kishada, kikafumuka, akazitia nyuzi kinywani. Mamaye alizitoa kwa kidole kabla hazijapita kooni, Alhamdulillahi. Hakugomba. Alisema tu, "Mwalimu, mimi nilinunua kofia, hili sikulinunua."

Tulipotazama tuliona kishada kilikuwa kimefungwa kwa uzi mmoja wa cherehani, nao umekatika. Fundo lile lilikuwa letu wenyewe, si la mwanafunzi. Tulilifunga kwa haraka usiku wa kuamkia siku ya soko, nasi tulijua kuwa uzi ule haufai. Basi tazama, msomaji: uzuri wa kishada ndio unaolificha fundo lake, na mnunuzi hawezi kulichungua pasipo kukiharibu. Hana ila kutuamini. Mtume wetu (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta chini mna umajimaji, alimkemea mwenye mali kwa kuuficha. Nasi tulikuwa tukiisomesha hadithi hiyo kwa watoto wale wale waliokuwa wakituona tukifunga.

Tangu siku hiyo twakifanya hivi. Hukatwa duara mbili za karatasi ngumu ya boksi, kila moja upana wake sentimita 6, na katikati tundu la sentimita 2. Huwekwa pamoja, uzi ukazungushwa kupita tunduni na kurudi nje, mara nyingi, hata tundu likaribie kuzibika. Hapa ndipo mvivu na mchumi mbaya hukutana: azungushaye mara chache hupata kishada kilicholegea, chenye upara, na nyuzi zake huchopoka hata fundo likiwa zuri, kwani hazina cha kuzibana. Kisha mkasi mkali hupitishwa ukingoni baina ya duara mbili, nyuzi zikakatwa pande zote, huku kidole kikizishika zisitawanyike.

Sasa fundo. Uzi wa kufungia uwe mwingine, wenye nguvu. Sisi twatumia uzi wa mshona viatu, usiopungua shibiri mbili. Hupenyezwa baina ya duara, ukazungushwa mara mbili, na fundo la kwanza hupindwa mara mbili badala ya moja, ili lisilegee wakati la pili linafungwa. Huvutwa kwa nguvu zote. Kisha uzi hurudishwa upande wa pili, ukafungwa tena. Ndipo karatasi huondolewa, kishada kikatikiswa na kupunguzwa kwa mkasi. Ncha ndefu za uzi ule hazikatwi. Hupitishwa utosini mwa kofia na kufungwa ndani penye kifungo, ili kishada kitolewe siku ya kufua. Mwisho twakamata ncha za nyuzi chache chache, tukazivuta. Uzi mmoja ukitoka, kishada hurudi mezani. Wasichana hununa, lakini ndivyo.

Pamoja na hayo yote, mtoto asiyetimiza miaka mitatu hatumtilii tena. Huo ndio umri ambao nchi nyingi hukataza vitu vidogo vya kuchezea, kwa kuwa mtoto hutia kila kitu kinywani. Na mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa hajafika kilo 2.5 akawekwa kifuani mwa mama yake ngozi kwa ngozi, yampasa kofia laini tupu, maana kichwa chake ni kikubwa kwa mwili wake na joto hupotea hapo.

Liko na jambo la mikorosho yetu. Majira ya kofia ndiyo majira ya kupuliza salfa, na unga ule hukaa baina ya nyuzi za kishada kama unga wa mahindi katika ungo. Mtoto akisugua kichwa, kisha macho, macho humuwasha. Kofia yenye kishada isiende shambani siku hizo.

Wavulana wakubwa wanaosali wasitiwe kishada mbele. Katika madhehebu yetu ya Shafi, sehemu ya paji la uso sharti iguse mahali pa kusujudia bila ya kizuizi cha vazi liendalo na mwenye kusali. Utosini hapana neno.

Nyuzi zenyewe watu huziita sufu, lakini nyingi zilizoko madukani ni za kiwandani, zitokanazo na mafuta ya ardhini. Uchome ncha moja: sufu ya kweli hunuka kama nywele zilizoungua na kuwa majivu, ile nyingine huyeyuka ikawa tone gumu. Kwa hiyo iwe mbali na kibatari na jiko. Vipande vinavyobaki mkasini hatuvitupi. Twavichanganya na sufi ya mti tukajaza mito.

Mama yule wa Ruangwa tulitaka kumrudishia fedha zake, akazikataa. Alitaka kofia ishonwe utosini, bila ya kishada. Kile kipya tulichokifunga mbele yake alikivuta mwenyewe mara tatu, akakichukua, akasema kitakaa katika mkoba wa juzuu wa binti yake mkubwa.