Uvimbe Mmoja, Koo Nyingi za Seli

Mgonjwa akikatwa kinyama na kikapelekwa maabara, majibu hurudi na jina moja: saratani ya figo, saratani ya titi, saratani ya pafu. Jina hilo ni sahihi, ila limebeba mengi kuliko linavyoonyesha. Uvimbe wenye ujazo wa sentimita moja ya mraba-tatu (cm³) tu unakadiriwa kuwa na seli kati ya milioni 100 na bilioni moja, na seli hizo hazifanani. Zimegawanyika katika koo, kila ukoo ukiwa na hitilafu zake za jeni, kasi yake ya kuzaana na uwezo wake wa kuhimili dawa. Kwamba wingi wa koo hizo unagusa hatima ya mgonjwa, hilo leo halina ubishi mkubwa. Linalohitaji subira ni kuelewa ni wingi wa namna gani, na wa kiasi gani.

Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 1976 Peter Nowell wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania aliandika katika jarida la Science kwamba saratani huanza na seli moja iliyoharibika, kisha vizazi vyake huendelea kupata hitilafu mpya kadiri vinavyogawanyika. Ukoo uliopata nafuu, iwe ya kukua haraka au ya kukwepa kinga ya mwili, huwapita wenzake. Usiopata hudumaa au hufa. Ni uteuzi wa asili uleule alioueleza Darwin juu ya viumbe, ila huu hutendeka ndani ya mwili wa mtu mmoja. Kwa zaidi ya miongo mitatu hoja hiyo ilikubalika bila kuweza kutazamwa kwa karibu, maana kusoma jenomu ya uvimbe kipande kwa kipande kulikuwa kazi ghali na ya polepole mno.

Mwaka 2012 ikatazamwa. Timu ya Charles Swanton jijini London, Marco Gerlinger akiwa mwandishi wa kwanza, ilichapisha katika New England Journal of Medicine uchunguzi wa saratani ya figo. Kwa mgonjwa wa kwanza hawakuridhika na kipande kimoja. Walichukua vipande kutoka sehemu mbalimbali za uvimbe, wakaongeza vingine kutoka pale saratani ilipokuwa imesambaa kwenye ukuta wa kifua, wakasoma jeni za kila kipande peke yake. Walikuta mabadiliko 128 ya jeni. Yaliyokuwamo katika kila kipande yalikuwa 40 tu. Mengine 59 yalikuwa katika baadhi ya vipande, na 29 yaliyobaki kila moja lilikuwa la sehemu moja pekee. Jeni iitwayo SETD2 ilikuwa imeharibiwa zaidi ya mara moja, kila mara kwa namna yake, katika pande tofauti za uvimbe uleule: koo zilizokwisha kuachana zimefikia hasara moja kwa njia mbalimbali. Na kuna jambo la kutisha zaidi kwa mtu anayesubiri majibu. Upande mmoja wa uvimbe ulikuwa na alama za jeni zinazoashiria ubashiri mwema, na upande mwingine alama za ubashiri mbaya. Daktari angeweza kumpa mgonjwa huyo habari njema au habari mbaya kwa kutegemea tu sindano ilichoma wapi, na kwa vyovyote vile angekuwa amesoma kipande chake kwa uaminifu.

Kwa nini utofauti huo umdhuru mgonjwa? Sababu ya kwanza ni dawa. Katika mamilioni ya seli zenye hitilafu tofauti, uwezekano ni mkubwa kwamba chache tayari zina kinga dhidi ya dawa ambayo mgonjwa hajaimeza bado. Saratani ya pafu yenye hitilafu katika jeni ya EGFR inaonyesha hili waziwazi. Mgonjwa hupewa gefitinib au erlotinib, uvimbe hunywea, kikohozi hutulia, familia hupumua. Baada ya miezi kadhaa, mara nyingi kabla ya miaka miwili kuisha, uvimbe hurudi. Katika takriban nusu ya wagonjwa hao hukutwa badiliko jingine, T790M, linaloizuia dawa isishike mahali pake. Kwa baadhi yao seli zenye badiliko hilo zilikuwamo tangu mwanzo, chache mno zisionekane. Dawa ilizifyeka jirani zao na kuziachia nafasi seli hizo sugu. Nasisitiza hili kwa sababu nimewasikia wagonjwa wakijilaumu kwamba dawa imekataa kwa kuwa walikula hiki au walichelewa kile. Aghalabu chanzo kimo ndani ya uvimbe wenyewe.

Wanaoujua ugonjwa wa kifua kikuu wanaifahamu mantiki hii. Miezi miwili ya kwanza mgonjwa wa TB humeza dawa nne kwa pamoja, kwa kuwa bakteria anayeweza kuhimili moja ni nadra kuhimili zote nne. Madaktari wa saratani ya damu ya watoto nchini Marekani waliichukua hoja hiyo katika miaka ya 1960, wakachanganya dawa kadhaa kwa mpigo, na watoto ambao hapo awali karibu wote wangekufa wakaanza kupona.

Utofauti unasema jambo hata kabla saratani haijawa saratani. Baadhi ya watu wenye kiungulia cha miaka mingi hupata mabadiliko kwenye utando wa umio yanayoitwa umio wa Barrett, na wachache wao huishia kupata saratani. Mwaka 2006 Carlo Maley, Brian Reid na wenzao walionyesha kwamba wagonjwa ambao utando wao ulikuwa na koo nyingi na zilizotofautiana zaidi ndio waliokuwa katika hatari kubwa ya kufikia saratani. Hii si aina ya saratani ya umio iliyo tele Kenya, Tanzania na Malawi, inayotokana na seli bapa. Matokeo hayo yasihamishwe huku kama yalivyo.

Hadi hapo mtu angesema: kadiri koo zinavyozidi, ndivyo hali inavyozidi kuwa mbaya. Takwimu zinakataa urahisi huo. Mwaka 2016 Noemi Andor na wenzake walichambua data za wagonjwa 1,165 wa saratani za aina 12. Asilimia 86 ya uvimbe uliochunguzwa ulikuwa na angalau koo mbili. Pale koo zilipozidi mbili katika sampuli moja, hatari ya kifo ilipanda kwa karibu nusu. Lakini walipopima ni sehemu gani ya jenomu iliyopoteza au kuongeza nakala za jeni, walikuta mkunjo: waliokuwa chini ya asilimia 25 walikuwa salama zaidi, na vivyo hivyo waliovuka asilimia 75. Waliopata shida zaidi walikuwa katikati. Maelezo yanayoniridhisha ni kwamba vurugu ya kromosomu ina gharama kwa seli yenyewe. Kidogo chake huupa uvimbe mbinu nyingi za kujaribu. Ikipita kiasi, seli hupoteza hata jeni zinazohitajika ili ziishi.

Namna ya utofauti nayo ina uzito. Katika utafiti wa TRACERx nchini Uingereza, matokeo ya wagonjwa 100 wa mwanzo wa saratani ya pafu iliyofanyiwa upasuaji yalichapishwa mwaka 2017. Tofauti za herufi mojamoja za jeni baina ya koo hazikuonyesha uhusiano na nani angeugua tena. Tofauti za vipande vikubwa vya kromosomu ndizo zilizoonyesha: waliokuwa nazo kwa wingi walikuwa na hatari ya karibu mara tano ya saratani kurudi au ya kifo. Kwa hiyo kuhesabu koo peke yake hakutoshi.

Maarifa haya yameanza kugusa hata kipimo cha dawa. Robert Gatenby na wenzake katika kituo cha Moffitt, Florida, waliwatibu wanaume 11 wenye saratani ya tezi dume iliyosambaa kwa dawa ya abiraterone, bila kuwapa mfululizo. PSA, protini inayopimwa kwenye damu kufuatilia saratani hiyo, ikishuka kwa nusu, dawa ilisimamishwa. Ikirejea pale ilipoanzia, ilirudishwa. Lengo lilikuwa kuziacha hai seli zinazosikia dawa ili ziendelee kuwabana wenzao sugu wasitawale. Katika matokeo ya mwaka 2017, muda wa kati kabla ugonjwa haujasonga mbele ulifika angalau miezi 27, kwa dawa isiyofika nusu ya kawaida. Watu 11 ni wachache, na hawakugawanywa kwa kura na kundi la kulinganisha, kwa hiyo mgonjwa asijikatishie dawa kwa kusoma habari hii.

Kusoma jenomu za vipande kumi vya uvimbe mmoja bado ni ndoto kwa hospitali nyingi za Afrika Mashariki. Kuna hatua moja, hata hivyo, isiyodai usomaji huo wa jenomu. Saratani ya titi ikirudi kwenye ini au mapafu, inafaa kinyama kikatwe upya pale inapowezekana, vipokezi vya homoni na protini ya HER2 vipimwe tena, wala isitegemewe karatasi ya miaka mitatu iliyopita. Miongozo ya kimataifa inashauri hivyo. Ukoo uliorudi unaweza kuwa umepoteza vipokezi ambavyo uvimbe wa kwanza ulikuwa navyo, na hapo tamoxifen, dawa inayolenga vipokezi vya homoni, haitakuwa na pa kushika. Au umekuwa na HER2 ambayo mwanzoni haikuonekana, na hapo trastuzumab, dawa inayolenga HER2, inaingia katika hesabu.