Mgongo wa Gitaa la Zamani: Fundi Asikimbilie Msasa

Chukua mfano wa kijana aliyerithi gitaa la umeme la marehemu baba yake, askari aliyepiga muziki katika bendi ya kikosi. Amelitia nyuzi mpya, nalo laitika vema. Lakini kila anapoubana uzi mwembamba karibu na mwili wa gitaa na kuuvuta pembeni, ili sauti ipande kama ya mtu aombolezaye, sauti hiyo hukatika ghafla. Jirani ampa shauri: ubao wa shingo una mgongo mno, upigwe msasa uwe bapa. Shauri hilo ni jepesi kutolewa, lakini likifuatwa kwa pupa laweza kuharibu mali isiyorudishika.

Yafaa kwanza kufahamu mgongo huo ni kitu gani. Juu ya shingo ya gitaa umebandikwa ubao wa vidole, na juu ya ubao huo zimekingamishwa freti, yaani vichuma vyembamba vinavyogawa sauti. Katika magitaa ya Kispania, ubao huo kwa desturi huwa bapa. Katika magitaa mengi ya nyuzi za chuma, huwa na mgongo kutoka upande hadi upande, ili vidole vibanapo nyuzi zote pamoja visichoke. Mafundi huupima kwa nusu kipenyo cha duara. Ukingo wa kisahani cha chai hupinda zaidi kuliko ukingo wa sinia la pilau. Vivyo hivyo, nusu kipenyo kikiwa kidogo, mgongo huwa mkubwa. Magitaa ya Fender ya Marekani, kama vile Stratocaster iliyotolewa mwaka 1954, yalitengenezwa kwa inchi 7.25. Gibson kwa kawaida walitumia inchi 12, na magitaa ya Martin inchi 16.

Mgongo wa inchi 7.25 haukuwa kosa. Wapigaji hodari wa Katanga, kama Jean-Bosco Mwenda aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, walisifika kwa kudonoa nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada. Upigaji wa namna hiyo hautaki uzi uvutwe sana pembeni. Taabu huanza kwa anayevuta: uzi wa pembeni hulazimika kuupanda mgongo, nao ukiwa umeshushwa mno, hugusa freti ya mbele na kunyamaza.

Basi fundi mwema huanza na yaliyo mepesi. Jambo la kwanza ni kupima kimo cha nyuzi. Kwa mgongo wa inchi 7.25, kipimo cha kuanzia kwenye freti ya 17 ni kama milimita 2 kwa uzi mnene na 1.6 kwa uzi mwembamba. Mara nyingine kuuinua uzi kidogo tu kwatosha kuponya ugonjwa wote.

Jambo la pili ni kutazama mpindo wa shingo kwa urefu wake, ambao ni kitu tofauti na mgongo. Ndani ya shingo nyingi mna ufito wa chuma unaoshindana na mvuto wa nyuzi. Thaddeus McHugh wa Gibson alipata hataza yake mwaka 1923. Nati ya ufito huo huzungushwa robo mzunguko tu kwa safari moja, kisha shingo hupimwa tena. Katika Fender nyingi za zamani nati hiyo imefichwa upande wa mwili, hata yabidi shingo ifunguliwe.

Jambo la tatu ni freti zenyewe. Iliyochomoka hurudishwa mahali pake, na zilizopanda husawazishwa kwa tupa. Zikiwa zimelika sana, hupashwa moto na kung'olewa polepole kwa koleo ili ubao usibanduke vipande, kisha hutiwa mpya. Freti ndefu zaidi humpa fundi nafasi ya kupunguza mgongo kwenye chuma, pasipo kuugusa mti.

Msasa juu ya mti ni wa mwisho kabisa, na hesabu yaonyesha sababu. Mahali penye upana wa milimita 56, kugeuza mgongo wa inchi 7.25 kuwa wa inchi 12 kwaondoa karibu milimita 1 ya mti katikati ya ubao. Tangu mwaka 1962 Fender walianza kubandika ubao wa rosewudi uliopinda hata upande wa chini, nao baadaye ukawa mwembamba sana. Katika shingo ya namna hiyo, milimita moja ni sehemu kubwa ya ubao mzima. Vitone vya alama navyo hupungua unene, na thamani ya gitaa kama kitu cha asili hushuka.

Kijana yule akiufuata utaratibu huu, huenda akakuta kwamba gitaa la baba yake lilihitaji bisibisi na saa moja ya subira, wala si msasa. Uzi ulioinuliwa huweza kushushwa, na nati iliyokazwa huweza kulegezwa. Lakini mti uliogeuzwa vumbi ni kama maji yaliyomwagika: hayazoleki.