Darasa la Roboti Lahitaji Rika, si Umri Tu

Mtoto anapopelekwa kuandikishwa katika darasa la roboti, swali la kwanza aghalabu si kama anajua kuhesabu, wala kama anapenda kuunda vitu kwa mikono yake. Swali la kwanza ni umri. Tangazo likisema miaka 8 hadi 12, aliye na miaka 7 na miezi 10 huambiwa arudi mwaka ujao, na aliyetimiza miaka 13 juzi huambiwa kwamba wakati wake umepita.

Desturi hii ilitujia pamoja na madarasa yenyewe. Bustani za burudani za Legoland, ambazo ya kwanza ilifunguliwa mjini Billund, Denmark, mwaka 1968, zimepata kuwa na madarasa ambamo watoto huunda roboti kwa vipande vya plastiki na kuziamuru zitembee. Kuingia katika madarasa hayo kulitegemea umri, kama vile kupanda baadhi ya bembea za huko kunavyotegemea kimo. Hapa kwetu, masomo ya roboti ya wakati wa likizo yamefuata mtindo huo huo wa kuwapanga watoto kwa miaka yao, na wazazi wa Ruiru na Thika ni miongoni mwa wanaoyatafuta. Kati ya miji hiyo miwili ipo Theta, wadi ya Eneo Bunge la Juja, ambako mashamba yanaendelea kuyapisha majumba ya kupangisha, na ambako mtoto wa kibarua na mtoto wa karani huweza kuketi kwenye dawati moja. Je, kanuni hii ya umri itamtendea haki mtoto wa Theta?

Sisemi kwamba mpaka wa umri hauna maana. Sababu zake ni mbili, na zote ni za kuheshimiwa. Ya kwanza ni usalama. Vipande vya roboti ya mtoto ni vidogo, na mtoto mchanga huweza kuvimeza. Katika madarasa ya juu hutumiwa vyombo vya kulehemu ambavyo huunguza. Ya pili ni uwezo wa kufahamu. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alieleza kwamba fikra za mtoto hukua kwa hatua, na kwamba tangu takriban miaka 7 hadi 11 mtoto huweza kufuata hoja zinazohusu vitu anavyoviona na kuvishika, ilhali mambo dhahania huja baadaye. Yeyote aliyewahi kufundisha darasa la kwanza anajua kwamba maelezo haya yana ukweli mwingi.

Hata hivyo, mtu aliyefanya kazi na Piaget huko Geneva ndiye aliyetuonyesha kwamba hatua hizo si kuta za mawe. Huyu ni Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928. Mwaka 1967 yeye na wenzake nchini Marekani walibuni Logo, lugha ya kompyuta iliyokusudiwa watoto. Mtoto alikiamuru chombo kilichoitwa kobe kiende mbele, kigeuke, kichore. Na alipokosa njia, aliweza kusimama yeye mwenyewe mahali pa kobe na kuzitembea hatua zile kwa miguu yake. Mwaka 1980 Papert alichapisha kitabu Mindstorms, na mwaka 1998 kampuni ya Lego ikalichukua jina hilo na kuvipa vifaa vyake vya roboti. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba mtoto huweza kulifikia wazo gumu mapema endapo atapewa kitu cha kulifikiria kwacho. Kwa maneno mengine, uwezo hautokani na miaka peke yake. Unatokana pia na kile mtoto alichopata kukishika.

Wanaosimamia mashindano ya roboti duniani wanalijua jambo hili. Katika FIRST LEGO League, kundi moja ni la watoto wa miaka 6 hadi 10, na linalofuata ni la miaka 9 hadi 16. Katika World Robot Olympiad, kundi la chini limekuwa la miaka 8 hadi 12 na la kati la miaka 11 hadi 15. Tazama, msomaji, jinsi makundi haya yanavyopandana. Mtoto wa miaka 9 au 10 huweza kuwa katika kundi lolote kati ya mawili. Mwenye miaka 11 au 12 vivyo hivyo. Waliozitunga kanuni hizo waliacha mlango wazi kwa makusudi, ili mtu anayemjua mtoto aamue. Inasikitisha kwamba kanuni hizo zinapofika kwa mwandikishaji mwenye daftari na kalamu, ule mlango hufungwa.

Turudi Theta. Katika shule zetu, umri na darasa havikwenda sambamba daima. Kuna mtoto aliyechelewa kuanza shule kwa sababu wazazi wake walihamahama wakitafuta vibarua. Kuna aliyerudia darasa kwa kukosa karo au kwa maradhi. Kuna ambao masomo yao yalivurugika shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na wengi wao hawakurejea madarasani hadi Januari 2021. Nchi hii yenyewe iliwahi kuushangaza ulimwengu kwa jambo hili. Baada ya elimu ya msingi kufanywa kuwa bila malipo mwaka 2003, Mzee Kimani Maruge alijiandikisha katika darasa la kwanza huko Eldoret mnamo Januari 2004 akiwa na umri uliokadiriwa kuwa miaka 84. Shule ilimpokea, kwa kuwa iliuliza anataka kujifunza nini. Iwapo ajuza na shaibu hawakufungiwa mlango, seuze kijana wa miaka 13 ambaye ndiyo kwanza ameanza kuonja hesabu?

Mlango unapofungwa kwa nguvu, watu hutafuta dirisha. Mzazi akiwa ndani ya matatu humnong'oneza mwanawe, "Ukiulizwa, sema una miaka minane." Mwingine hupunguza miaka badala ya kuiongeza. Mwalimu naye huombwa aandike barua itakayolingana na uongo huo, na si rahisi kumkatalia mzazi unayekutana naye kila Jumapili. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na mzazi huyu anaamini kwamba anatii wosia huo. Lakini wahenga hao hao walisema pia kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kabla hajashika hata skrubu moja, mtoto amekwisha kufundishwa kwamba elimu hupatikana kwa kudanganya.

Waama, hakuna somo lisilopatana na uongo kama somo la roboti. Ukiiambia roboti kwamba ukuta uko umbali wa hatua 10, na kumbe uko hatua 8, itaugonga. Haitakuonea haya wala haitakusitiri. Tunampeleka mtoto akajifunze ukweli wa vipimo, kisha tunampitisha kwa kipimo cha uongo!

Hapa lugha yetu yaweza kutusaidia. Kiswahili kina neno umri, tulilolipata kutoka Kiarabu, ambalo hutaja hesabu ya miaka ya mtu. Kina pia neno rika, linalotaja watu wanaolingana na kwenda pamoja. Wasemaji wa Kikuyu, ambao ni wengi katika eneo la Theta, wana neno riika, na maana yake imebeba historia nzima: waliopashwa tohara pamoja walikuwa riika moja na kupewa jina aghalabu kutokana na tukio la wakati huo, hata kama miaka yao haikulingana sawasawa. Kilichowaunganisha ni kwamba walivuka mto mmoja kwa wakati mmoja. Darasa lolote, liwe la roboti au la ushairi, halihitaji watoto wenye tarehe moja ya kuzaliwa. Lahitaji watoto wanaoweza kuvuka pamoja.

Rika hili tutalipimaje? Nadhani kipimo chake kikubwa ni lugha. Kuamuru roboti ni kutoa maelekezo kwa mpangilio na kwa masharti: "Ukifika ukutani, simama, usipouona, endelea." Katika sentensi hiyo fupi mna viambishi -ki- na -sipo-, na ndani yake mna sehemu kubwa ya somo zima la programu. Mwalimu anayetaka kujua kama mtoto yuko tayari na amwambie aeleze jinsi ya kupika chai, hatua kwa hatua, naye mwalimu atende kile tu kilichotamkwa. Mtoto akisahau kusema jiko liwashwe, sufuria itabaki baridi. Akicheka, akarudi nyuma na kuisahihisha amri yake, huyo yuko tayari, awe na miaka 7 au 14. Asipoona kasoro yoyote, angojee kidogo, hata kama cheti chake cha kuzaliwa kinamruhusu.

Ushahidi mwingine ni huu. Mwaka 2007 wataalamu wa MIT, Marekani, walitoa programu iitwayo Scratch, iliyokusudiwa hasa watoto wa miaka 8 hadi 16. Mwaka 2014 ikatolewa ScratchJr kwa watoto wa miaka 5 hadi 7, na amri zake ziliwekwa katika vipande vya picha ili asiyejua kusoma naye aweze kuzitumia. Maana yake ni kwamba kizuizi kikubwa cha mtoto mdogo kilikuwa kusoma, nayo miaka ilitajwa kama kadirio la kusoma. Basi kwa nini tusiulize moja kwa moja kama mtoto anajua kusoma, na kwa lugha gani? Scratch hupatikana pia kwa Kiswahili. Mtoto aliyejifunza kusoma kwa Kikuyu na Kiswahili, akaonekana mzito kwa sababu tu mkufunzi huzungumza Kiingereza tangu asubuhi hadi jioni, amepimwa kwa kipimo kisicho chake.

Najua nitajibiwa kwamba kijana wa miaka 14 hawezi kuketi na watoto wa miaka 6 bila kuona haya, na kwamba wadogo huweza kuonewa na wakubwa. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana sikusema umri utupwe. Rika pia ni kuheshimiana na kustareheana. Lakini dawa ni kuunda kundi la wakubwa wanaoanza, au kumfanya kijana huyo msaidizi wa wadogo huku naye akijifunza. Kumfukuza si dawa.

Wala si jambo geni kwetu kupanga watoto kwa hatua waliyofikia. Serikali ilipoanza kusambaza vishikwambi katika shule za msingi mwaka 2016, mpango ambao Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kilichoko Juja kilikuwa miongoni mwa waliopewa zabuni yake, vifaa hivyo vilikusudiwa wanafunzi wa darasa la kwanza. Aliyekuwa katika darasa hilo alihesabiwa, awe na miaka 6 au 9.

Kwa hiyo wanaoendesha madarasa ya roboti, katika bustani za burudani au kwingineko, nawasihi waandike katika matangazo yao sababu ya mpaka wanaouweka. Ikiwa ni usalama, wasiulegeze. Ikiwa ni kusoma na kuhesabu, waseme hivyo, na wampe aliye pembezoni mwa mpaka nafasi ya kujaribiwa kwa nusu saa. Walimu nao waandike barua za kweli: mtoto huyu ana miaka kadha, na haya ndiyo anayoyaweza. Barua ya namna hiyo itamfaa mtoto kuliko tarehe ya kughushi. Na wanafunzi wa uhandisi wa JKUAT, ambao Theta ni jirani yao, wangeweza kuwaanzishia watoto wa huko kundi la Jumamosi lisilodai ada wala tarehe ya kuzaliwa, maana hata mlango wa umri ukifunguliwa, mlango wa ada bado utawazuia wengi.

Mzazi akiulizwa umri wa mwanawe, na aseme kweli bila woga. Lakini ili aweze kusema kweli, lazima ajue kwamba swali hilo litafuatwa na jingine: mtoto wako anaweza nini?