Mbegu Kuukuu Zisitupwe Kabla ya Kujaribiwa

Mvua zikaribiapo, jamaa wengi hufungua kopo lililosahauliwa rafuni wakakuta mbegu za bamia, nyanya au vitunguu za miaka iliyopita. Wengine huzitupa, na wengine huzimwaga zote bustanini siku moja. Sisi twaona njia zote mbili ni hasara, hasa ikiwa mbegu hizo ziliachwa na wazee wala hazipatikani dukani. Konzi hiyo ikiharibika, aina ile imekwisha katika nyumba.

Yatupasa kujua kwamba mbegu ni kitu kilicho hai. Ndani yake mna kiini kilicholala pamoja na akiba ya chakula chake, na viizeeshavyo upesi ni joto na unyevu. Mbegu za vitunguu aghalabu hudhoofika baada ya mwaka mmoja au miwili. Za nyanya na matango huweza kudumu miaka minne au mitano zikiwekwa pakavu. Nguvu ya ukavu ilidhihirika mwaka 2005, Sarah Sallon na Elaine Solowey walipootesha kokwa ya mtende iliyofukuliwa katika ngome ya Masada, karibu na Bahari ya Chumvi, nayo ina umri wa miaka ipatayo 2,000. Sisi wa mwambao, wenye hewa ya majimaji, tusitarajie makubwa hayo.

Njia ya kuzijaribu ni hii. Hesabu mbegu 10, uzitandaze juu ya kitambaa safi kilicholoweshwa na kukamuliwa, ukikunje na kukifunika kwa sahani mahali pa uvuguvugu pasipo jua. Kazi hii wafaa kupewa vijana wa nyumbani, wakitazame kila siku kisikauke. Baada ya siku 7 hata 14, hesabu zilizochipua. Pilipili huhitaji muda zaidi. Zikichipua 8, panda kama kawaida. Zikichipua 4 au 5, panda maradufu. Ikichipua 1 au 2 tu, zilizosalia nazo ziotesheni kitambaani, kisha kila yenye mzizi ihamishiwe koponi kwa upole, mzizi ukielekea chini.

Bamia lina ganda gumu. Lisugueni kidogo kwa msasa, mkaliroweke usiku mmoja katika maji ya vuguvugu. Msizidishe, kwani mbegu huhitaji hewa, na ikikaa majini siku nyingi huoza. Udongo uwe laini, kopo liwe na matundu chini, na maji yanyunyizwe kidogo kidogo.

Mkijaaliwa mavuno, chagueni mbegu katika mmea ulio bora, mzianike kivulini, mzitie katika chupa kavu yenye kifuniko cha kubana pamoja na kifuko cha mchele uliokaangwa ukapoa. Andikeni jina na mwaka. Kisha nusu yake mpeni jirani, ili zikiharibika kwenu, aina hiyo ipatikane kwake.