Kwa nini wakimbiaji wa Plateau huumia, na mazoezi yanayoweza kuwakinga

MKIMBIAJI chipukizi anayekodi chumba Plateau, kusini mashariki mwa mji wa Eldoret, huja na mtaji mmoja tu, nao ni miguu yake. Pengine nyumbani wameuza ng'ombe ili apate viatu na kodi ya miezi michache. Hana mkataba, hana bima, wala hana meneja. Akiumia katika mwezi wa tatu, kama inavyowatokea wengi, safari yake huishia hapo, na hakuna gazeti litakaloandika habari zake.

Majeraha ya wakimbiaji hayafanani na ya michezo ya kukabana. Katika judo au jujitsu ya Kibrazili, mpinzani huukunja mkono wa mwenzake, na kiungo kikateguka mara moja. Mkimbiaji hana wa kumlaumu. Jeraha lake hujengeka siku baada ya siku, na aghalabu huwa limekwisha kukomaa kabla hajahisi maumivu ya kumsimamisha. Kwa sababu hiyo mengi ya majeraha hayo yaweza kuzuiliwa, iwapo chanzo chake kitaeleweka.

Chanzo chenyewe ni kwamba viungo vya mwili havizoei kazi kwa kasi moja. Moyo, mapafu na damu hubadilika upesi. Plateau iko njia ya kuelekea Kaptagat, kati ya Eldoret, ulio mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na misitu ya Kaptagat iliyo karibu mita 2,400. Baada ya majuma machache katika hewa hiyo nyepesi, kijana huona pumzi zake zimetulia na akaamini kwamba sasa aweza kuandamana na kundi la mabingwa. Kano na mifupa havina haraka hiyo. Kano hupata damu kidogo, na huhitaji miezi kadhaa ili iwe imara. Mfupa nao, unapolemewa na kazi mpya, huondoa kwanza chembe zilizochakaa ndipo uweke mpya. Hivyo kuna kipindi, kwa kawaida katika mwezi wa kwanza au wa pili, ambapo huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla ya mazoezi kuanza.

Zingatia pia uzito wenyewe. Kila unapokanyaga chini ukikimbia, mguu hupokea mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, nayo kano ya kisigino huvutwa kwa nguvu ya mara sita hadi nane. Kilomita moja ina hatua mia saba hadi elfu moja. Anayekimbia kilomita 30 asubuhi moja na afanye hesabu mwenyewe.

Wengi hushauriwa waongeze umbali kwa asilimia 10 kila juma, wakidhani kanuni hiyo ni kinga tosha. Watafiti wa Uholanzi waliijaribu kwa wakimbiaji wapya 532, wakachapisha matokeo mwaka 2008: walioongeza umbali polepole waliumia sawa na wale walioongeza kwa haraka zaidi, karibu mmoja kati ya watano katika kila kundi. Kuongeza polepole si kosa, lakini peke yake hakutoshi.

Imani nyingine ni ile ya kujinyoosha kabla ya kukimbia. Utawaona vijana kando ya barabara za udongo mwekundu wameegemea nguzo za ua, kila mmoja akivuta mguu wake. Hakuna ubaya, na huenda wanafurahia mazungumzo. Hata hivyo, makurutu 1,538 wa jeshi la Australia walipogawanywa makundi mawili, katika utafiti uliotolewa mwaka 2000, waliojinyoosha kabla ya mazoezi hawakupata nafuu yoyote ya maana dhidi ya majeraha. Mwaka 2014, wataalamu waliokusanya tafiti 25 zilizohusu zaidi ya watu 26,000 walifikia uamuzi huo huo kuhusu kujinyoosha. Jambo lililopunguza majeraha hadi chini ya theluthi moja lilikuwa mazoezi ya nguvu.

Nguvu hapa haina maana ya kubeba vyuma. Zoezi la kwanza, na kwa maoni yangu lenye faida kuliko yote kwa mkimbiaji, huhitaji ngazi ya mlangoni tu. Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa sehemu ya mbele ya nyayo, visigino vikiwa hewani. Inuka kwa miguu yote miwili, kisha hamishia uzito kwenye mguu mmoja na ushuke taratibu, ukihesabu hadi tatu, mpaka kisigino kiwe chini ya ukingo. Fanya hivyo goti likiwa limenyooka, halafu urudie goti likiwa limekunjwa kidogo, kwani shavu la mguu lina misuli miwili mikubwa na kila mmoja hufanya kazi kwa namna yake. Tabibu Hakan Alfredson wa Uswidi alilitumia zoezi hili kutibu kano zilizochakaa, na mwaka 1998 akaandika kuhusu mafanikio yake: mizunguko mitatu ya mara 15 kwa kila namna, mara mbili kwa siku, kwa majuma 12. Mtu mzima asiye na jeraha hahitaji wingi huo. Mizunguko mitatu, siku mbili au tatu kwa juma, yamtosha kuanzia. Ambaye maumivu yake yapo pale kano inaposhikana na mfupa wa kisigino asishuke chini ya ukingo, aishie usawa wa ngazi.

Kwa misuli ya nyuma ya paja, piga magoti kwenye nyasi, mwenzako akushike vifundo vya miguu, kisha uinamishe mwili mzima mbele polepole kadiri unavyoweza kujizuia. Wanasoka wanaolifanya zoezi hili mara kwa mara wamepunguza majeraha ya misuli hiyo kwa karibu nusu. Anza na marudio machache, maana kesho yake utaumwa. Nyonga huimarishwa kwa kutembea kando kando, mpira wa ndani wa gurudumu kuukuu la baiskeli ukiwa umefungwa juu ya magoti, na kwa kuchuchumaa kwa mguu mmoja bila kuliacha goti lilalie ndani.

Katika kambi ya Kaptagat anakofanyia mazoezi Eliud Kipchoge chini ya kocha Patrick Sang, mikeka na mipira ya kuvuta ni sehemu ya ratiba.  Yafaa kipindi hicho kifanyike siku ile ile ya mazoezi magumu, ili siku nyepesi ibaki nyepesi kweli.

Hata bingwa hana kinga kamili. Juni 2020 Geoffrey Kamworor aligongwa na pikipiki akiwa mazoezini, akavunjika mfupa wa muundi. Mwaka uliofuata alishinda mchujo wa Kenya wa mita 10,000, lakini jeraha la kifundo cha mguu likamzuia kushiriki Olimpiki ya Tokyo. Aliyewahi kuumia ana hatari kubwa zaidi ya kuumia tena, na ndiye anayehitaji mazoezi haya kwa muda mrefu zaidi.

Maumivu unayoweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja juu ya mfupa, yanayozidi kadiri unavyokimbia au kukuamsha usiku, ni dalili ya ufa. Acha kukimbia uende hospitalini, na ujue kwamba picha ya eksirei ya majuma ya mwanzo yaweza isiuonyeshe. Usikubali sindano ya kuua maumivu bila kuuliza ni dawa gani. Sindano za jamii ya kotizoni zikichomwa kwenye kano huweza kuidhoofisha hata ikakatika. Aidha, tangu Januari 1, 2022, zimepigwa marufuku wakati wa mashindano, na Wakenya kadhaa wamefungiwa kwa kupatikana na mojawapo, triamsinoloni. Mwambie daktari mapema kwamba wewe ni mwanariadha, na uhifadhi karatasi ya dawa uliyopewa.