Bakteria waliofichua hatari katika nguo za watoto

Je, kemikali iliyo katika nguo ya mtoto yaweza kusababisha saratani? Zamani, kupata jibu kulihitaji kulisha panya kemikali hiyo kwa takriban miaka miwili, kwa gharama kubwa.

Katika miaka ya 1970, Profesa Bruce Ames wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alileta njia ya haraka. Alitumia bakteria wa salmonela wasioweza kujitengenezea kirutubishi kiitwacho histidini. Kemikali inayochunguzwa huchanganywa nao, pamoja na majimaji ya ini la panya, kwani kemikali nyingine huwa sumu zikishapita kwenye ini. Bakteria wengi wakimea bila kupewa histidini katika muda wa siku mbili, basi jeni zao zimebadilishwa.

Mnamo 1977, Ames na mwenzake Arlene Blum walionya kuhusu Tris, kemikali ya kuzuia moto iliyotiwa katika nguo za kulalia za watoto. Mwaka huo huo, serikali ya Marekani ilipiga marufuku nguo hizo.

Ames alifariki 2024 akiwa na umri wa miaka 95. Kipimo chake pekee hakithibitishi saratani, lakini hadi leo dawa mpya hupitishwa humo kabla ya kumfikia mgonjwa.